Mama anakuja kutoka Mbeya mwezi wa saba, anataka kuiona Zion (Utah). Magoti yanamsumbua. Ataweza?

Mwana_wa_Uyole

Wakuu, shikamooni kwa wakubwa, na wengine habari za kazi.

Mama yangu anatua Salt Lake City tarehe 9 mwezi wa saba. Ni mara yake ya kwanza kupanda ndege, na ana miaka 71. Maisha yake yote ni Uyole, shamba la viazi na kwaya ya Moravian, sauti ya pili. Juzi kwenye simu akaniuliza kama ni kweli huku niliko kuna mahali panaitwa Sayuni. Nikamwambia ni kweli, kuna hifadhi ya taifa inaitwa Zion, ni korongo kubwa jangwani, kusini mwa jimbo hili. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Basi mwanangu, hapo ndipo utakaponipeleka."

Sasa mimi huu ni mwaka wa nne niko hapa na sijawahi kufika. Nikitazama picha mtandaoni naona vijana watupu: mmoja kashikilia mnyororo ukingoni mwa jabali, mwingine anatembea ndani ya mto maji yamemfika kiunoni. Mama magoti yanamuuma, hasa akishuka. Ana presha, anameza vidonge kila asubuhi. Na mwezi wa saba nasikia joto linapita 38.

Naomba mwongozo wa aliyewahi kumpeleka mzee. Kuendesha kilomita 500 si tatizo. Ninachoogopa ni mama kusafiri njia yote hiyo halafu akaishia kukaa kwenye gari akitusubiri.

Kaka_wa_Phoenix

Mkuu, kwa umri huo mpeleke Grand Canyon. Pale kuna njia ya lami juu ukingoni, anashuka kwenye gari, anatazama, mnapiga picha, mnarudi. Zion ni ya watu wenye miguu.

BintiNyakato_Vegas

Kaka wa Phoenix, nakuheshimu, lakini hapo mimi naona kinyume kabisa. Mwana wa Uyole, soma taratibu, nitaandika kirefu kwa sababu jambo hili limo moyoni mwangu.

Mimi ni wa Mwanza, naishi Las Vegas, kazi yangu ni kutunza wazee. Zion ni kilomita 260 hivi kutoka kwangu, nimekwenda mara nyingi. Mwaka juzi nilimpeleka baba. Ana miaka 74, anatembelea fimbo, mguu wa kulia haukunji vizuri tangu aanguke kwenye jukwaa la ujenzi.

Grand Canyon unasimama juu, korongo liko chini yako. Ukitaka kuingia ndani yake lazima ushuke, na kupanda tena ndiyo kazi. Zion gari linakuingiza chini kabisa, kando ya mto, na kuta ndizo zinazosimama juu yako, mahali pengine mita 600. Mzee aliyekaa kwenye benchi na kijana aliyekaa kwenye benchi wanaona kitu kilekile. Hao wa mnyororoni wamepanda saa nzima na zaidi ili watazame chini, kwenye bonde ambalo mama yako atakuwa amekaa na chupa yake ya maji. Kwa mtu wa magoti sijui korongo linalomfaa kuliko hilo.

Kuhusu usafiri wa ndani. Kuanzia mwezi wa tatu hadi wa kumi na moja magari binafsi hayaruhusiwi kuingia kwenye barabara ya korongo lenyewe. Utaacha gari kwenye maegesho karibu na lango, mtapanda basi la hifadhi. Basi ni bure, linapita kila baada ya dakika chache, lina vituo tisa, na hata mwenye kiti cha magurudumu anapanda. Unashuka unapotaka, ukichoka unapanda linalofuata. Shida yako itakuwa maegesho, si basi. Hujaa asubuhi mapema. Ukifika saa tatu umechelewa, utaanza kuzunguka mji wa Springdale kutafuta pa kulipia. Fika saa kumi na mbili na nusu. Kulala Springdale ni ghali. Sisi tulilala Hurricane, mji wa jirani, tukaamka gizani.

Mpeleke kwanza mpaka kituo cha mwisho kabisa, kinaitwa Temple of Sinawava, kama dakika 40 kwa basi. Pale kuna njia inaitwa Riverside Walk. Kwenda na kurudi ni kilomita tatu na nusu, imesakafiwa, na sehemu ya mwanzo ni tambarare ya kusukumia kiti cha magurudumu. Si lazima mmalize. Asubuhi jua bado halijafika chini kwa sababu ya kuta, kuna ubaridi, mto unapiga kelele pembeni. Halafu utaona ukutani, pakavu kabisa jangwani, kuna majani mabichi yananing'inia na maji yanadondoka kutoka ndani ya jiwe.

Baba alikuwa fundi mawe. Ukipita Mabatini na Bugando kuna misingi aliyoijenga kabla sijazaliwa. Sisi watu wa Mwanza mawe tumezaliwa juu yake, na jiwe la kwetu ni gumu, unaliwashia moto ndipo lipasuke. Pale penye maji akasimama, akanipa fimbo nimshikie, akapitisha kiganja ukutani. Alipokigeuza kilikuwa na punje nyekundu, laini kama unga wa ulezi. Akazisugua kwa kidole gumba. Akasema, "Jiwe hili halijaiva. Ukilijengea msingi, masika mbili limekwisha."

Na kweli halijaiva. Ile ni mchanga. Kama miaka milioni 180 iliyopita eneo lote lile lilikuwa vilima vya mchanga wa jangwa, upepo ukivisogeza, vikafukiwa na kushikana. Ndiyo maana ukitazama ukuta utaona mistari imelala mshazari, ule ni mteremko wa kilima cha mchanga. Mvua na theluji vikianguka juu kule, maji yanazama ndani ya jiwe polepole mpaka yakute tabaka zito la chini lisilopitisha, hapo yanakosa njia ya kushuka, yanatokea ubavuni. Maji mengine yamekaa humo zaidi ya miaka elfu moja. Nilimweleza baba nilivyosoma, akaniambia, "Kwa hiyo ni chujio." Tulisimama pale karibu nusu saa. Watu walitupita wakikimbilia mbele.

Mkirudi na basi, shukeni Zion Lodge, hoteli iliyo ndani ya korongo. Kuna uwanja wa nyasi na mti mkubwa mno wenye kivuli, vyoo vizuri, chakula, maji ya kujaza chupa. Mama apumzike hapo kuanzia saa tano mpaka jua lipunguze ukali.

Sasa presha na joto, hapa nakuandikia kama mtu wa kazi hii. Mzee hasikii kiu kama wewe. Hewa ya kule ni kavu, jasho linakauka kabla hajaliona, atakuambia "mimi niko salama" huku midomo inapasuka. Usimwulize kama ana kiu, mpe chupa anywe, dakika 20 tena anywe. Na mle vitu vya chumvi kidogo, maji matupu siku nzima si mazuri. Kabla ya safari mwulize daktari kuhusu vile vidonge, kama vimo vya kukojosha, maana hivyo na joto havipatani. Kimo hakitamsumbua: korongoni ni mita 1,200 hivi, chini kuliko Mbeya.

Kiingilio langoni: gari dogo ni dola 35 kwa siku saba. Lakini tangu Januari 2026 mgeni asiye mkazi wa Marekani, mwenye miaka 16 kwenda juu, anaongezewa dola 100 kwa kichwa katika hifadhi 11, Zion ikiwemo, kama hana pasi ya mwaka. Iweke kwenye hesabu mapema. Wewe beba kitambulisho cha hapa.

Na hairuhusiwi kuondoka na kitu, hata kijiwe. Baba aliniomba, nikamkatalia.

Mwana_wa_Uyole

Dada, Mungu akubariki. Nimesoma mara mbili, mara ya pili nikamsomea mama kwenye simu. Ameuliza kuhusu mzee wako: alisikia uchungu ulipomkatalia lile jiwe?

Na swali langu: pale mwisho wa njia, watu wanapoingia mtoni, naweza kumwacha mama kwenye benchi nikaenda hata kidogo?

Bahari_ya_Uvira

Ndugu Mwana wa Uyole, nami niko Salt Lake, mtu wa Uvira, Kongo. Hilo la mto naomba unisikilize mimi.

Sisi watu wa Uvira tunajua mto unaoonekana mdogo. Mwezi wa nne mwaka 2020 Mulongwe ulitoka usiku, ukabeba nyumba na watu. Mimi nilikuwa tayari huku, dada yangu alikuwa kule, alipona kwa kupanda juu ya ukuta wa jirani. Kwa hiyo nilipofika Zion na vijana wa kanisani kwetu, wao waliona maji ya kuchezea, mimi nilitazama ukutani. Juu ya kichwa changu, mbali sana kuliko mkono unavyofika, kulikuwa na gogo limekwama kwenye ufa. Nikawauliza, nani aliyelipandisha gogo hilo?

Pale wanapaita The Narrows. Mto ndio njia, ukuta huku na ukuta huku, mahali pengi hakuna ukingo wa kukimbilia. Jiwe lile la juu halinywi mvua kubwa kwa haraka, maji yote yanateremka kwa pamoja. Kwako jua linawaka, mvua inanyesha mbali usikoona, na maji yanakuja. Tarehe 14 mwezi wa tisa 2015 watu saba walikufa siku moja katika korongo jembamba ndani ya hifadhi hiyohiyo, linaitwa Keyhole. Kuanzia katikati ya mwezi wa saba hadi wa tisa ndiyo majira ya mvua hizo za mchana, na ndiyo siku zako.

Ukiona maji yamebadilika rangi, au vijiti na majani vimeanza kupita kwa wingi, au unasikia mngurumo huko juu, toka na upande mahali pa juu saa hiyohiyo. Usingoje kuona. Na asubuhi, kabla hata ya kupanda basi, soma tangazo la hatari ya mafuriko pale kwenye jengo la wageni, wanaliandika kila siku. Wakisema imefungwa, imefungwa. Mimi siku ile tuligeuka. Vijana walininunia mpaka Cedar City.

Na kumwacha mama peke yake katika nchi ya watu, hajui lugha, hapana ndugu yangu.

BintiNyakato_Vegas

Baba wa Uvira, pole sana kwa yaliyowapata, na asante kwa kuyaandika. Sina la kuongeza kwenye mafuriko, isipokuwa maji yenyewe: tangu 2020 hifadhi inaonya kuhusu sumu ya mwani mtoni. Kukanyaga mguu ukingoni ni sawa, lakini mama asinawe uso wala asinywe, hata yaonekane safi vipi. Wazee wetu wakiona mto wanataka kunawa. Mwambie kabla.

Mwana wa Uyole, mama ameuliza vizuri. Baba hakusema kitu kuhusu jiwe. Ila kesho yake aliniomba tupite kwenye handaki mara mbili, na hilo nililisahau kukuandikia, ni la muhimu kwa mtu wa magoti.

Kutoka langoni kuna barabara nyingine inayopanda kwenda mashariki, hiyo gari lako linaruhusiwa mwaka mzima. Inapanda kwa kona kali, halafu inaingia kwenye handaki la urefu wa kilomita 1.8 lililochimbwa ndani ya jabali na kufunguliwa mwaka 1930. Ndani ni giza kabisa, washa taa. Lakini kila baada ya muda kuna dirisha, mwanga unapiga gari kama mtu kafungua mlango, unaona korongo lote kwa kufumba na kufumbua, giza tena. Yale madirisha yalikuwa ya kazi: mafundi walikuwa wanatupia kifusi nje kupitia hapo. Baba alipolielewa hilo akawa hazungumzi. Tulipotoka upande wa pili akasema, "Turudi nihesabu." Hairuhusiwi kusimama mle ndani, kwa hiyo nilikwenda polepole kadiri nilivyoweza, yeye akihesabu kwa vidole.

Ukitokea upande wa mashariki mawe yanabadilika, yanakuwa meupe na ya manjano, kuna kilima kimoja kimechorwa miraba kama ubao wa bao la drafti. Mama anaona yote kutoka kwenye kiti chake.

Na kwa mwanakwaya: kituo cha nne cha basi kinaitwa Court of the Patriarchs. Vilele vitatu vimepangana, Ibrahimu, Isaka na Yakobo. Mchungaji mmoja Mmethodisti ndiye aliyevipa majina hayo mwaka 1916. Kabla yake Wapaiute, wenyeji wa pale, walikuwa na jina lao la korongo, Mukuntuweap, na serikali ilipolihifadhi mara ya kwanza mwaka 1909 ilitumia hilo. Sayuni lilitoka kwa walowezi Wamormoni, likawa jina rasmi la hifadhi ya taifa mwaka 1919. Mimi naomba mama aambiwe majina yote mawili. Kijinjia cha kupanda pale ni kifupi lakini kina mwinuko. Kama goti limekataa, vilele vinaonekana hata kutoka kituoni.

Kiprono_wa_Provo

Niaje wakubwa. Samahani kwa kuingilia. Mimi ni kijana, magoti iko sawa, nataka hiyo ya mnyororo, Angels Landing. Naenda tu ama?

BintiNyakato_Vegas

Hapana mdogo wangu, tangu mwezi wa nne 2022 lazima uwe na kibali, kinatolewa kwa bahati nasibu mtandaoni. Kuna ya miezi kabla na kuna ya siku moja kabla. Usipokuwa nacho unaishia pale mnyororo unapoanzia. Watu wameanguka na kufa pale, kwa hiyo jiwe likiwa na maji usipande hata kama kibali unacho mkononi.

Mwana_wa_Uyole

Wakuu, tumerudi juzi usiku. Mama amelala bado, nimeona niwape mrejesho kabla sijaenda kazini.

Tulilala Hurricane kama dada alivyosema, saa kumi na moja tuko njiani. Maegesho tulipata. Kwenye basi mama alikaa dirishani, na kuta zilipoanza kubanana akavua kilemba akakiweka mapajani, kama anavyofanya mtu akiingia kwenye nyumba yenye joto, lakini hakukuwa na joto. Nilimwuliza kuna nini. Akasema kilikuwa kinamzuia kutazama juu.

Riverside Walk alitembea kuliko nilivyotegemea, polepole, karibu nusu ya njia. Pale penye maji ukutani alikinga mkono, matone yakamwagikia kiganjani, akanitazama kama anaomba ruhusa. Nikakumbuka onyo, lakini lile ni la mto. Haya yanatoka kwenye jiwe. Hakuyanywa. Alijipaka kwenye magoti, moja moja, juu ya kitenge.

Baba wa Uvira, kwenye jengo la wageni tangazo lilisema mafuriko yanawezekana. Mtoni sikuingia, tulikaa wote kwenye benchi. Saa nane mchana mawingu yalijaa upande wa kaskazini, sisi tuko chini ya mti wa Lodge, jua linawaka. Jioni tulipokuwa tunatoka mto uliokuwa wa kijani asubuhi ulikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Ningekuwa ndani. Asante.

Kituo cha nne tulishuka. Kale kanjia alikataa, tukasimama barabarani. Nikamwonyesha kwa kidole: Ibrahimu, Isaka, Yakobo. Akavitazama kimoja kimoja. Akaniuliza, "Na Sara?" Nikamwambia hawakumwekea. Akazunguka taratibu, akatazama upande wa pili wa bonde, kuna jabali jekundu pana limekaa peke yake, sijui linaitwaje. Akasema, "Huyo pale." Kisha akaimba, sauti ya pili tu, bila sauti ya kwanza, ubeti mmoja wa kwao wa Sayuni. Kulikuwa na familia ya Wahindi na wazungu wawili wazee kituoni, wote wakanyamaza mpaka basi likaja.

Handaki tulipita mara tatu.

Dada Nyakato, kuhusu jiwe. Tulipofika Hurricane usiku mama akafungua mkoba, akatoa kijiwe chekundu kama punje ya harage. Alikuwa amekiokota kituo cha nne, upande ule wa Sara. Nikamweleza tena yale uliyoandika. Hakubisha. Asubuhi badala ya kuanza safari ya kurudi tulipanga foleni upya, tukapanda basi upya, tukashuka kituo cha nne. Akainama mwenyewe, na goti lile lile, akakiweka, akakifukia kwa mchanga na kukipigapiga kwa kiganja kama anavyofanya akimaliza kupanda mbegu ya kiazi. Ndipo tukaondoka.